Santuri tano za kuanzia, kutoka Kenya hadi Kenya

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: «Jambo, baba. Nkambo, yaani babu yetu, ametuachia mashine yake ya santuri, bado inazunguka vizuri, lakini santuri zenyewe ziligawanywa baada ya matanga na mimi sikupata hata moja. Nina miaka 23, muziki wangu wote nimeusikilizia kwenye simu. Wewe umeuza santuri miaka mingi. Nitajie albamu tano unazozipenda mwenyewe. Ila nakuomba usinipeleke Kinshasa moja kwa moja. Nataka kusikia Kiswahili, na nataka kujua kama sisi huku tuna albamu zetu au tulikuwa tunacheza tu za wengine.»

Jambo, mwanangu, na poleni na msiba wa nkambo.

Nimeuza santuri, kaseti na sidi karibu na soko la Kenya, komini (mtaa) ya hapa Lubumbashi, tangu ujana wangu, na hilo swali lako la mwisho nimeulizwa mara nyingi. Wengi huliuliza kama watu waliokwisha kukata tamaa. Wanaamini Kinshasa ilipiga muziki, sisi tukachimba shaba. Si kweli hata kidogo. Albamu zetu zipo. Shida ni kwamba muziki ulizaliwa huku, santuri zikatengenezwa kwingine: Johannesburg, Nairobi, London. Ukitafuta jalada lililoandikwa Lubumbashi utachoka bure. Inabidi uifuate njia waliyopita wapigaji, na njia hiyo inatoka Kenya inaingia Kenya, yaani inatoka komini yetu ya Kenya, hapa jirani na Kamalondo, hadi nchi ya Kenya, mjini Nairobi.

Angalia ramani. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Wakati wa Wabelgiji, kampuni za santuri za huko, Ngoma na Loningisa, zilikuwa na wapigaji wao mlangoni, hazikuwa na haja ya kututafuta sisi. Lakini sisi tulikuwa na reli ya kwenda kusini, na mpaka wa Zambia, enzi hizo Rhodesia ya Kaskazini, uko karibu kiasi kwamba mtu anaamkia huku na kulala ng'ambo. Wafanyakazi wa migodi na makarani walipita hapo na magita yao mgongoni. Ndiyo maana mtu aliyekuja kurekodi gita letu naye alitoka kusini.

Mtu huyo ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia akatumia maisha yake kuzunguka na mashine ya kurekodia. Mwaka 1952 alifika Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana wa miaka ishirini na kidogo aliyeitwa Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Wimbo wa Masanga ulitoka hapo, ukauzwa kwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika za kampuni ya Gallotone ya Johannesburg. Kwangu mimi kila kitu kinaanzia kwenye wimbo huo. Ninakuomba uusikilize kabla ya kununua santuri yoyote kubwa, hata kama itabidi uusikilize kwanza kwenye simu yako hiyo hiyo.

Lakini usiusikilize ukiwa unapika au unafua. Kaa chini. Mwenda anapiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinachezea nyuzi nyembamba. Mara ya kwanza utaapa kwamba magita ni mawili. Mara ya pili fuata kidole gumba peke yake mpaka mwisho, kama unavyomfuata mtu mmoja kwa macho katikati ya soko. Mara ya tatu fuata kile cha shahada. Ukifika mara ya nne hutaweza tena kuvitenganisha, na ndipo utaanza kuusikia wimbo wenyewe. Kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuwa akija kwangu Jumamosi akisubiri mvua ipite. Nilipoweka Masanga hakusema neno. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kioo cha meza, na nikaona gumba linashuka, shahada inajibu, gumba linashuka, shahada inajibu, bila kukosea hata mara moja, hadi wimbo ulipokwisha. Hakuwa ameshika gita tangu alipooa. Msomi David Rycroft aliandika makala nzima kuhusu vidole hivyo katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 60, akaviandika kwa nota, mdundo kwa mdundo. Yule mzee aliviandika kwenye kioo changu.

Basi albamu ya kwanza ni Origins of Guitar Music, mkusanyiko wa rekodi za Tracey za kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia, za kuanzia 1950 hadi 1958, uliotolewa na SWP Records ya Uholanzi. Ni sidi, nisamehe, haitaingia kwenye mashine ya nkambo. Lakini siwezi kuitaja ya pili kabla ya hii. Humo utasikia Kiswahili unachokizungumza nyumbani: muke, mutoto, mutu, si mke, mtoto, mtu. Vijana wengi wa umri wako wameambiwa shuleni kwamba hicho ni Kiswahili kibovu. Hicho ndicho Kiswahili kilichorekodiwa, kikauzwa na kupendwa hadi Nairobi na Johannesburg miaka ya 50, na waliokinunua hawakuomba kirekebishwe.

Ukimpenda Mwenda, tafuta pia African Guitar Legend: The Studio Album, aliyoirekodi Cape Town mwaka 1988, akiwa mtu mzima, ikatolewa na Rounder ya Marekani mwaka 1994. Yeye mwenyewe hakuiona dukani, alikufa katika ajali ya gari Zambia mwaka 1990. Sauti imekuwa nzito, mwendo umepungua, na gita linasikika safi kuliko ilivyowezekana 1952. Wateja wengine wanaipenda zaidi kwa usafi huo. Mimi nitabaki na ya 1952, na mikwaruzo yake yote.

Sasa tutoke Likasi twende kwenye njia niliyokuambia. Katika miaka ya 50 komini yetu ilikuwa na kundi la vijana wachekeshaji na waimbaji, JECOKE, yaani Jeunes Comiques de la Kenya. Jina tu linatosha kukufanya utembee kifua mbele. Edouard Masengo, binamu yake Mwenda, alipitia kundi hilo, akaenda nalo Afrika Mashariki, akakaa Nairobi miaka, akirekodi na kuimba hata matangazo ya biashara ya Coca-Cola. Mwenda naye alifika Nairobi, akafanya vivyo hivyo kwa dawa ya Aspro. Watu wa Kenya waliiga vidole vyao. Ukisikia gita la zamani la Wakenya likiongozwa na kidole gumba na chupa ya soda inagongwa kando yake, ujue Katanga ilipita hapo.

Baada yao walikuja wenye magita ya umeme. Baba Gaston, yaani Ilunga wa Ilunga, mzaliwa wa Likasi, alipiga muziki Lubumbashi na bendi yake Baba National, akahamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 70, kisha Nairobi mwaka 1975. Mwaka mmoja baadaye sehemu kubwa ya wapigaji wake walimwacha wakaunda Les Mangelepa. Mzee hakukata tamaa, akaajiri wengine, na mwaka 1983 akatoa albamu ya Condition Bi-Msum. Mimi nawapenda wote wawili na sijawahi kuchagua upande katika ugomvi ule. Ukikuta santuri yao ndogo ya 45, yoyote ile, nunua bila kuuliza.

Na hapa nikufundishe jambo ambalo simu haikukufundisha. Santuri ya 45 haina nafasi ya wimbo mrefu, dakika tano hivi kila upande. Kwa hiyo wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene, magita yakijibizana na watu wakicheza. Mtu mmoja nyumbani alikuwa na kazi ya kusimama kando ya mashine na kugeuza. Muulize mama yako nani alikuwa anageuza kwenu, nina hakika kuna mtu anakumbuka. Ukisikiliza nyimbo hizo kwenye sidi, zikiwa zimeunganishwa, utasikia pale katikati sauti inafifia kidogo kisha inarudi. Si kosa la mashine. Hapo ndipo mkono wa mtu ulipokuwa unaingia.

Albamu ya pili, na hii ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote kwa mtu anayeanza, ni Giants of East Africa ya Orchestra Super Mazembe, mkusanyiko uliotolewa na Earthworks mwaka 2001. Bendi ilianza nchini kwetu mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, ikiongozwa na Mutonkole Longwa Didos. Ilifika Nairobi mwaka 1974 ikachukua jina jipya, la mazembe, zile mashine kubwa za kusukuma udongo. Hapa Lubumbashi sina haja ya kulieleza neno hilo, tumelisikia migodini na uwanjani kwa TP Mazembe. Humo mna Kasongo, na mna Shauri Yako, wimbo uliotungwa na Nguashi N'Timbo ambao Mazembe waliufanya wao.

Sikiliza Shauri Yako kwa makini, kwa sababu ndio unaojibu swali lako. Kiswahili ni chepesi, mtu wa Katuba, wa Kigoma na wa Mombasa wote wanauelewa bila mkalimani. Magita ni yetu. Mwendo umepunguzwa kidogo kuliko wa Kinshasa, kana kwamba bendi imejua kuwa wachezaji wa Nairobi wanapenda kuongea huku wakicheza. Waimbaji hawashindani, wanaegemeana. Nimeuweka wimbo huo dukani alasiri nyingi wakati biashara imelala, na sikumbuki siku ambayo hakuna mtu aliyesimama mlangoni.

Ukitaka Mazembe kwenye santuri yenyewe, si sidi, jina la kutafuta ni Kaivaska, iliyotolewa Ulaya na Virgin mwanzoni mwa miaka ya 80. Hupatikana kwa shida, na bei yake itakuumiza. Ukiwa na ndugu Nairobi au Brussels, mpe jina hilo kwenye karatasi.

Ya tatu ni ya mtu aliyezaliwa Matadi, upande wa baharini, akachukua jina la milima ya moto ya ndugu zetu wa Goma. Samba Mapangala alipitia Kampala, akafika Nairobi mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Albamu ni Virunga Volcano, toleo la Earthworks la mwaka 1990. Ina Malako, wimbo ambao ukiuchezea kwenye spika nzuri utaanza kupenda besi kwa maisha yako yote. Wengi husikiliza sauti ya Mapangala, ambayo kweli ni tamu na nyepesi. Mimi nasema shusha macho kwenye besi, ione inavyotulia, inavyoruka noti moja na kukuacha uijaze mwenyewe kwa mguu. Hii ni albamu ya kuwasha nyumba. Usiianze usiku kama majirani wanaamka mapema.

Ya nne ni ya kukaa nayo. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na bendi ya mjomba wake, Makassy, kisha akaongoza Matimila. Watanzania walimpenda hadi sehemu moja ya jiji lao ikaitwa Sinza kwa Remmy, na makonda wa daladala walilitaja jina lake kila siku. Albamu ni Songs for the Poor Man, ya Real World, mwaka 1989. Usichanganye na Mambo ya 1992, ambayo ni nzuri pia, ila ndani yake kuna Kiingereza zaidi.

Kwa nini hii? Kwa sababu bendi nyingi nilizokutajia ziliimba mapenzi, na maneno yalikuwa njia ya kufikia sebene. Remmy alikuwa na kitu cha kusema. Katika Muziki Asili Yake Wapi anauliza muziki umetoka wapi, kwa Kiswahili cha mtu aliyekulia Kongo na kukomaa Dar, na unasikia nchi mbili ndani ya sentensi moja. Katika Kipenda Roho anaimba mapenzi kama mtu mzima. Sauti yake si nzuri kwa maana ya kawaida, ina mchanga ndani. Wateja wangu wa kike wanaipenda kuliko wa kiume, na nimekwisha kuacha kuuliza sababu. Hii usiiweke kama muziki wa nyuma. Keti na mama yako, weka upande wa kwanza, mwache yeye aongee kwanza.

Umeniomba nisikupeleke Kinshasa moja kwa moja, nami nimetii. Lakini nitakuwa nimekudanganya nikikuacha bila Franco. Alianzisha bendi ya OK Jazz na wenzake mwaka 1956, akafa mwaka 1989, na katikati hapo alirekodi nyingi kuliko unavyoweza kusikiliza. Anza na Mario ya 1985, pamoja na Madilu System. Ni Kilingala, kisa cha kijana anayelelewa na mwanamke mwenye mali, na nyumba yoyote ya Lubumbashi yenye mtu wa zaidi ya miaka 50 ina mtu wa kukutafsiria. Basi, kuhusu Kinshasa nimemaliza.

Ya tano ni ya umri wako. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mdogo, akawa mwimbaji wa rapu huko Liège. Miaka mingi baadaye alipata barua kutoka kwa mama yake, na albamu yake ya kwanza, Hotel Impala, ilikuwa jibu la barua hiyo. Mimi lakini nakupa iliyofuata, Kinshasa Succursale, ambayo kampuni ya Crammed ya Brussels iliisambaza duniani mwaka 2011. Alirudi Kongo kuirekodi na wapigaji wa huku. Humo amechukua Indépendance Cha Cha, wimbo ambao Grand Kallé na African Jazz waliurekodi Brussels mwaka 1960, akaufanya upya na kuupa jina la Kiswahili, Siku ya Baadaye. Kwenye Karibu ya Bintou yuko na Konono No. 1, wale wa likembe za umeme, ala za vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba.

Nilipoiweka mara ya kwanza nilikuwa na mashaka, nakiri. Rapu ya Kifaransa si kitu cha umri wangu. Halafu likaja lile gita la kale, na juu yake kijana wa hapa, aliyeng'olewa na kupandwa kwingine, akiuliza siku ya pili baada ya uhuru tulifanya nini. Niliisikiliza yote nikiwa nimesimama. Isikilize siku moja na Masanga, asubuhi ile, jioni hii. Kati ya hizo mbili kuna miaka karibu 60, na zote mbili zinaongea na Lubumbashi kutoka mbali.

Sasa mashine ya nkambo. Kabla hujaweka chochote juu yake, angalia kitufe cha kasi. Kama ni ya miaka ya 60 huenda ina namba nne: 16, 33, 45, 78. Kisha angalia chini ya kichwa cha mkono, mahali pa sindano. Mashine nyingi za wakati huo zina kijiti kidogo unachokigeuza: upande mmoja sindano nyembamba ya 33 na 45, upande mwingine sindano nene ya 78. Usikosee. Sindano nene itaharibu Kaivaska yako siku hiyo hiyo, na nyembamba itatetemeka ovyo ndani ya mfereji wa 78 na sauti itatoka mbovu. Kama sindano imekuwa butu, yaani sauti za s zinachakaa na kupiga mruzi, usipige santuri hata moja hadi uibadilishe. Mafundi wa redio wanaweza kukupatia ukiwapelekea kichwa chenyewe, si maelezo kwa simu.

Ukinunua santuri, itoe kwenye jalada, ishike kwa kingo, iinamishe kwenye mwanga wa jua. Mikwaruzo inayofuata mzunguko ni ya kawaida. Inayokata mzunguko ndiyo itakayogonga kila ikizunguka. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia ndani ya mfereji kama unga, usilifute kwa kitambaa kikavu, utalisugua zaidi. Maji safi yenye sabuni kidogo sana, kitambaa laini, ukifuata mzunguko, na lebo ya katikati isiguswe na tone. Iache ikauke yenyewe ikiwa imesimama.

Na zile santuri za nkambo zilizogawanywa, usiziache zipotee. Pita kwa wajomba na mashangazi na daftari, andika kila jina lililo kwenye lebo na namba iliyo chini yake, kisha niletee orodha. Kuna moja au mbili humo nitakazotaka kuzisikia mimi.